Namna ya kukagua vina, mizani na kibwagizo kwa sikio na kidole

Wengi wakipewa shairi kwenye mtihani wanakimbilia kuandika "lina urari wa vina na mizani" (yaani silabi za mwisho zinafanana na hesabu ya silabi iko sawa) halafu hao, swali linalofuata. Hiyo hata ambaye hajalisoma anaweza kuandika. Chukua ubeti huu, nimeutunga sasa hivi tu, usinicheke:

Jana wala sikulala, mapema nikaamka,
Bila chai bila kula, kituoni nikafika,
Noti yangu umeila, mfukoni 'meiweka,
Konda nirudishe hela, nashuka mie nashuka.

Usome kwa sauti ukigonga kidole mezani kila silabi. Ja-na-wa-la-si-ku-la-la, nane. Ma-pe-ma-ni-ka-a-m-ka, nane tena. Umeiona hiyo "m" ya "amka"? Haina irabu ila inahesabiwa peke yake, ndo hapo watu wanapata saba wanaanza kumlaumu mshairi. Lakini sio kila "m" jamani, mbuni yule ndege ni mbu-ni, mizani mbili, ila mbuni mti wa kahawa ni m-bu-ni, tatu, na maandishi ni yaleyale, kwa hiyo amini sikio.

Nane kwa nane, 16 kila mshororo (yaani mstari), mishororo minne, basi tarbia. Sasa cheki "'meiweka". Neno kamili ni "umeiweka" ila ukiliacha hivyo kipande (nusu ya mshororo) kinakuwa na tisa, ndo maana "u" imekatwa. Inkisari hiyo, na ukiitaja useme imekatwa ili iweje.

Vina ni rahisi, pigia mstari silabi ya mwisho ya kila kipande: kati "la", mwisho "ka". Beti zote zikiwa hivyo ni mtiririko, kimoja kikibaki kingine kikibadilika ni ukara, vyote vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni.

Kwenye marudio ndo kuna utamu. Mshororo wa nne ukirudi kila ubeti ni kibwagizo, sawa, lakini angalia na ndani ya mishororo: "bila" mbili zinakufanya uisikie njaa yenyewe, na "nashuka mie nashuka" ni mtu anapaza sauti mlangoni huku gari linataka kuondoka. Jaribu kuweka "nashuka kituo hiki". Mizani bado nane, ila kina kimekufa na abiria wetu kapoa ghafla kama hadai chenji. Andika hilo.