Namna ya Kupanga Likizo Isiyo na Haraka Lisbon kwa Ndoa Mbili

Rafiki yako anaweza kuwa mtu wa karibu kwa miaka ishirini, na mke wake ukamwita shemeji kwa upendo wa kweli, lakini mpaka mtakapolala chini ya paa moja kwa wiki nzima, mkatumia bafu moja, ufunguo mmoja na bili moja ya chakula, bado kuna mengi hamjajuana. Mimi na mke wangu tulikwenda Lisbon mwezi wa Mei pamoja na rafiki yangu wa tangu shuleni na mkewe. Tulirudi tukiwa tumeshibana zaidi kuliko tulivyoondoka, na ninaamini sababu yake ni mambo machache tuliyoyakubali kabla ya kununua tiketi. Jambo moja tulilisahau, na hilo ndilo lililotusumbua siku ya tatu. Nitalieleza mahali pake.

Kwa nini Lisbon, na lini

Kwa watu wanne wasiotaka kukimbizana na ratiba, mji huu mkuu wa Ureno unafaa sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya raha yake ni kukaa: kukaa kwenye uwanja wa juu unaoitwa miradouro mkiangalia mto Tejo, kukaa mkahawani kwa kahawa ndogo nzito, au kukaa kwenye kivuko kinachotoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Saa zake zipo nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa 2 wakati wa kiangazi na saa 3 wakati wa baridi, kwa hiyo mwili hauchukui muda kuzoea. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Mkienda Juni, jueni kwamba usiku wa tarehe 12 kuamkia tarehe 13 ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ambapo mitaa ya Alfama hujaa watu, muziki na moshi wa samaki wa kuchoma mpaka usiku wa manane. Ni usiku wa furaha kwa aliyeufuata, na wa mateso kwa aliyetaka kulala.

Viza huombwa na mtu mmoja mmoja

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kwa watu wanne ningeshauri kuanza miezi mitatu au minne kabla. Kila mmoja atawasilisha taarifa zake za benki, barua ya mwajiri au hati za biashara, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Hata kama nyumba inalipiwa na ndoa moja, majina yote manne yaonekane kwenye uthibitisho wa nafasi, kwa maana ofisa anayesoma faili lako hana habari ya faili la mwenzako.

Kisha liulizeni swali ambalo wengi hulikwepa: wawili wakipata viza na wawili wakanyimwa, itakuwaje? Sisi tuliamua mapema kwamba waliopata wangesafiri bila kinyongo, na kwamba hatungelipia nyumba isiyoruhusu kufuta nafasi mpaka pasipoti zote nne ziwe mkononi. Hatukulazimika kulitumia azimio hilo, ila lilitupa usingizi katika wiki zile za kusubiri.

Fedha

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Kwetu kudaiana na rafiki ni aibu, na kumdai shemeji ni aibu zaidi. Mtu atalipa bili ya watu wanne kwa uso mkunjufu, kisha akalala nayo moyoni. Siku ya tano anakuwa ameshalipa mara tatu, mwenzake hana habari, na neno dogo kuhusu chumvi ya supu linazaa ukimya mezani. Dawa yake ni mfuko wa pamoja. Kila ndoa iweke kiasi kilekile siku ya kwanza, kwa mfano euro 400, na mmoja wenu awe mtunzaji wake, kama alivyo kijumbe kwenye upatu. Mfuko ulipie chakula mnachokula pamoja, teksi mnazopanda pamoja, mahitaji ya jikoni na kodi ya wageni ya jiji, ambayo ni euro 4 kwa mtu kwa kila usiku, hadi usiku wa 7. Ukiisha, kila upande uongeze sawa.

Vitu ambavyo si vya wote visiguse mfuko. Anayekunywa mvinyo alipie mvinyo wake, na anayependa vigae vya rangi na viatu vya ngozi avinunue kwa fedha zake. Kadi ya usafiri iitwayo Navegante nayo ni ya mtu mmoja. Watu wawili hawawezi kupita na kadi moja katika safari moja, hivyo kila mmoja aijaze yake. Tuliona ni vyema mtunzaji wa mfuko awe mke wa rafiki yangu, ambaye ni mhasibu. Kila usiku kabla ya kulala alisoma matumizi ya siku kwa sauti, risiti zikiwa mezani, na hapakutokea shaka hata mara moja.

Nyumba na vyumba

Tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji wa Lisbon, na mtaa wa Baixa ukajengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, kwa barabara zilizonyooka kwenye tambarare. Alfama ilisalimika kwa sehemu kubwa, ikabaki na ngazi zake na vichochoro vya zamani. Habari hiyo ya historia ina maana kwa magoti yenu. Kupanga nyumba Alfama kunavutia kwenye picha, lakini majengo mengi hayana lifti, na masanduku manne ya safari yatapanda kwa mikono. Watu waliovuka miaka 50 watafute Baixa au Avenidas Novas, ambako ni tambarare na treni ya chini ya ardhi ipo karibu. Upande huo wa pili pia si mbali na Msikiti Mkuu wa Lisbon, jambo lililotufaa sana siku ya Ijumaa.

Tafuteni nyumba yenye vyumba viwili vinavyokaribiana kwa ukubwa na, ikiwezekana, mabafu mawili. Kama chumba kimoja ni bora kwa dhahiri, msiachiane kwa heshima za mdomoni: pigeni kura, au mbadilishane katikati ya wiki. Na mtakapotandika kitanda mtakuta foronya, ambayo Wareno wanaiita fronha. Mezani mtaketi kwenye mesa, nje mtaona bandeira ikipepea. Maneno hayo waliyaacha pwani yetu zaidi ya miaka 300 iliyopita, na kuyatafuta kwenye vibao vya maduka ukawa mchezo wetu wa kila siku.

Ahadi moja kwa siku

Sasa lile tulilolisahau. Tulizungumza fedha, vyumba na viza, lakini hatukuzungumza mwendo. Rafiki yangu huamka alfajiri na kutaka kutembea. Mke wangu anapenda kunywa chai mpaka saa nne asubuhi. Siku ya tatu tulisimama chini ya kilima cha ngome ya São Jorge, wawili wakitaka kupanda na wawili wakitaka kupumzika, na maneno yaliyotoka pale hayakuwa ya watu walio likizoni. Jioni ile tukaweka kanuni ambayo ningependa tungeanza nayo: kila siku iwe na ahadi moja tu ya pamoja, yenye saa na mahali, na muda mwingine wote kila ndoa ijipangie bila kuombana ruhusa wala kutoa maelezo.

Tangu hapo siku zilinyooka. Tulipokutana jioni tulikuwa na habari za kusimuliana, kwa sababu hatukuwa tumeona vitu vilevile. Kwa safari ya nje ya mji, ndoa moja ilichukua treni kutoka kituo cha Rossio kwenda Sintra, mwendo wa dakika 40 hivi, ikaone kasri la Pena, ambalo tiketi yake huwa na saa maalumu ya kuingia na inafaa inunuliwe mapema. Ndoa ya pili ikashika treni ya Cais do Sodré kwenda Cascais kukaa ufukweni. Anayetaka kupanda tramu nambari 28 aipande asubuhi mapema, mkoba ukiwa mbele ya kifua, maana wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii wanavyoipenda. Viatu viwe vya soli inayoshika, kwani mawe meupe ya njia za miguu huteleza vibaya mvua ikinyesha.

Ahadi ambayo singependa mtu wa Afrika Mashariki aikose ni siku ya kwenda mtaa wa Belém. Msiende Jumatatu, kwa kuwa monasteri ya Jerónimos hufungwa. Tramu nambari 15 inafika. Ndani ya kanisa la monasteri hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1501, limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Baada ya hapo kuleni vitobosha vya maziwa na mayai kwenye duka la Pastéis de Belém, lililoanza mwaka 1837. Vinaliwa vya moto, vimenyunyiziwa mdalasini.

Mnaporudi katikati ya mji, shukeni mwende Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho la sanaa ya kale, muulizie Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilishwa mwaka 1506 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na maandishi yaliyochorwa kwenye kitako chake yanasema wazi kwamba dhahabu hiyo ni ya kodi ya Kilwa, ile ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa kwa vitisho mwaka 1502. Shemeji yangu kwao ni mkoa wa Lindi, huko iliko Kilwa. Alisimama mbele ya kioo kile muda mrefu, na sisi watatu tukakaa kwenye benchi kumsubiri bila mtu kutazama saa.

Mezani

Mkiketi tu, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini ambavyo hamkuagiza. Si zawadi: mkivila mtavilipia, na mkiviacha mna haki ya kutolipa, kwa hiyo amueni mara moja mkiwa wanne na msimwachie mwenye njaa zaidi aamue. Mlo mkubwa uwe wa mchana, kwa kuwa sahani ya siku, prato do dia, ni nafuu na huwa imepikwa vizuri. Bacalhau ni samaki wa chumvi aliyekaushwa, na mtu wa pwani aliyezoea ng'onda atamwelewa tangu tonge la kwanza. Wasiokula nguruwe waulize hata kwenye supu, maana caldo verde, supu ya majani ya kijani, huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe. Vyakula halali vinapatikana kwa wingi karibu na Martim Moniz. Usiku mmoja nendeni kusikiliza fado, nyimbo za majonzi za Kireno, mkiuliza kwanza kiwango cha chini cha kulipa, na mwimbaji akianza, mazungumzo yakome kabisa, hata ya kunong'ona.

Asubuhi ya mwisho mfungeni hesabu ya mfuko kabla ya kwenda uwanja wa ndege, si baada ya kufika nyumbani. Kaeni wote wanne, mtunzaji asome jumla, salio ligawanywe sawa papo hapo, na fedha za teksi ya mwisho zitengwe. Kwetu zilibaki euro 22, nazo tulikubaliana kuzinunulia kisanduku cha vitobosha kwa ajili ya watoto waliotulindia nyumba zetu.