Jinsi ya kumtambua buibui anayejifanya mavi ya ndege

Huyu ni buibui kaa, yaani wa jamii ya buibui wenye umbo kama kaa wa baharini, jina la kisayansi Phrynarachne decipiens, yuko Malaysia, na kwa Indonesia yuko Sumatra na Java, na watu kibao wanampita hivi hivi kwa sababu wanatafuta buibui. Usitafute buibui. Tafuta mavi ya ndege.

Tembea polepole msituni, macho kwenye majani mapana, upande wa juu, maana huko ndiko mavi ya kweli yanakodondokea. Ukiona doa lenye weupe na weusi usipite, inama mpaka jicho liwe usawa wa jani ulitazame kwa ubavu. Mavi yaliyokauka yamelala bapa, hayana mpangilio, ila huyu mgongo umetuna, una vinundu vinundu na unang'aa kama kitu kibichi, halafu kulia na kushoto kunafanana! Hapo ndo anajiuza. Miguu kaikunja kaibana mwilini, ile ya mbele minene, ina miiba ya kukamatia.

Sasa kinachonimaliza mimi ni ile hariri. Huyu hategi wavu kama wengine, anatandaza hariri nyeupe nyembamba juu ya jani kisha anakaa hapo katikati, ukiangalia ni kama yale majimaji meupe ya mavi yametiririka kidogo yakakauka, yaani hadi kingo zake. Ndege akiona hana hamu nayo, nzi naye anakuja mwenyewe.

Dalili nyingine ni mdudu katua na haondoki. Henry Forbes, aliyemuelezea kisayansi 1883, alimpata Java hivyo hivyo, aliona kipepeo katulia juu ya mavi, akamshika, mwili ukakatika kipande kikabaki kimenasa, akajaribu kugusa yale mavi kwa kidole aone kama yananata, kumbe ni buibui.

Wewe usimguse. Picha ya kwanza ipige kwa juu jani zima lionekane, ya pili kwa ubavu, na izime flashi kwanza maana kwenye picha ile hariri yote itatoka weupe mtupu. Na tafadhali jani usilichume, kashatandika hapo, mwache asubiri nzi wake.