Flabbergasted haitaki very

Nyinyi mnaotembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale, na wanafunzi mnaopenda kupamba insha za Kiingereza, hili litawafaa. Flabbergasted ni kupigwa na butwaa, si kushangaa hivi hivi. Ukali wote umo ndani yake tayari, kwa hiyo usiliongezee very. Sema "I was absolutely flabbergasted", au liache peke yake. Hiyo very mpe surprised, yeye ndiye mwenye haja nayo.

Linaloponza wengi zaidi ni mwisho wa neno. Lenye -ed ni la aliyeshangaa. Lenye -ing ni la kinachoshangaza. Mgeni akisikia kwamba ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, yeye ni astonished, na habari yenyewe ni astonishing. Ukimwambia "you are astonishing" umeshamsifu, na huenda akakutazama vingine! Kabla ya kutaja kinachoshangaza, weka at au by: flabbergasted by the price.

Neno hili lina mzaha kidogo, kwa hiyo kwenye barua rasmi andika astonished. Gobsmacked ndiyo ya mtaani kabisa, tena mtaa wa Uingereza, ambako gob ni mdomo. Mimi ningewaachia wenyewe.

Na msilimalize kwa mambo madogo. Matatu kupandisha nauli mvua ikinyesha Mombasa hakumwachi mtu flabbergasted.