Kabla ya Kuweka Mrija: Kuutambua na Kuuondoa Uvimbe wa Ubongo kwa Mtoto Mchanga

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili huwa na mzingo wa takriban sentimita 33 hadi 37, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kiasi cha sentimita 2 kwa mwezi. Kwa hiyo mkunga wa Micheweni kule Pemba au Makunduchi kule Unguja tayari anacho chombo cha kwanza cha uchunguzi, nacho ni utepe wa kupimia. Aupitishe juu kidogo ya nyusi, auzungushe hadi pale kisogo kilipochomoza zaidi, kisha aandike kipimo kwenye kadi kila mtoto anapoletwa, kwani kinachosema kweli ni mfululizo wa vipimo. Kichwa kikikua upesi, utosi ukivimba hata mtoto akiwa ametulia na amekalishwa, macho yakielemea chini hadi weupe ukaonekana juu ya mboni, au mtoto akitapika na kukataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wengi hapo husema ni kichwa maji, yaani maji kujaa kupita kiasi ndani ya ubongo, na mara nyingi ndivyo kilivyo, kutokana na maambukizi, damu iliyovuja ndani ya ubongo au mgongo wazi. Hata hivyo, kichwa maji kina chanzo chake, na chanzo hicho lazima kitafutwe kabla ya kuweka mrija wa kupunguza maji, unaoyatoa kwenye ubongo na kuyapeleka tumboni. Papiloma ya koroidi, uvimbe adimu usio saratani, huota kwenye tishu inayotengeneza maji ya ubongo na huweza kuyazidisha mno. Mrija ukiwekwa na uvimbe ukaachwa, maji yanaweza kumiminika tumboni kuliko tumbo linavyoweza kuyafyonza.

Maadamu utosi bado uko wazi, ultrasaundi hupita hapo bila dawa ya usingizi. Papiloma huonekana kama donge jeupe lenye uso wa koliflawa ndani ya chumba cha maji cha ubongo, mara nyingi cha ubavuni, na damu nyingi hupita ndani yake. MRI, yaani picha ya sumaku, yenye dawa ya kung'arisha ndiyo inayofuata, kwa sababu huonyesha mipaka na mishipa bila mionzi. CT skani, inayotumia mionzi, itumike pale hali isiporuhusu kusubiri. Mtoto wa Pemba anayevushwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako kituo cha upasuaji wa ubongo kilifunguliwa mwaka 2014, afunikwe vizuri apate joto, na kadi yenye vipimo vyote isisahaulike.

Katika upasuaji, hatari kubwa ni damu. Mtoto wa kilo 3 ana takriban mililita 250 tu za damu mwilini mwake, hivyo mililita 25 zikipotea, sehemu moja ya kumi imekwenda. Damu iliyolinganishwa na ya mtoto iwe chumbani kabla ya kisu kugusa ngozi, shashi zipimwe uzito ili ijulikane damu iliyopotea, na chumba kiwe na joto. Daktari aufikie mapema mshipa unaoulisha uvimbe, auchome na kuukata, ndipo autoe uvimbe wenyewe. Maji nayo yatolewe polepole, ubongo usije ukanywea ghafla.

Kipande kipelekwe maabara, kwani aina ya saratani ya tishu hiyohiyo huweza kufanana na papiloma kwenye picha. Papiloma iliyoondolewa yote kwa kawaida hupona, lakini baadhi ya watoto huhitaji mrija baadaye. Kwa hiyo wazazi waelezwe wazi kwamba kupima kichwa kunaendelea, na kwamba utosi ukivimba tena warudi bila kusubiri tarehe ya kliniki.