Kinyonga wa Nyanda za Juu Kusini: joto, kiu na dawa ya shambani humuua kabla ya baridi

Wengi wanaotunza kinyonga huku kwetu, iwe kwenye bustani ya wanyamapori, kambi ya watalii au shule, huanza na hofu ya baridi. Wanamwonea huruma. Wanamwingiza ndani, wanamsogeza karibu na jiko, wengine wanamfungia kwenye sanduku la kioo na kuliweka juani ili apate joto. Baada ya muda macho yanadidimia, hataki kula, anakufa, na lawama inabaki kwa baridi ya Mbeya. Huruma hiyo ndiyo iliyomuua. Kinyonga aliyezaliwa kwenye ukungu wa Rungwe na safu ya Poroto amezoea usiku wa baridi kali. Asichokiweza ni joto asiloweza kulikimbia, maji asiyoyatambua, na mdudu aliyetoka kwenye shamba lililopuliziwa dawa.

Kabla hujapigilia msumari wa kwanza wa kizimba, shughulikia kibali. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga bila idhini, hata kama umemkuta kwenye ua wa nyumba yako. Anza kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya. Yeye atakuelekeza hatua za TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Vinyonga wetu wamo pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa hiyo mtu akija kijijini akawapa watoto hela wamletee vinyonga, toa taarifa. Na mkulima wa viazi au mahindi ambaye anampenda tu kinyonga, kwa maoni yangu, hahitaji kizimba kabisa. Aache ukanda wa vichaka kando ya shamba bila kuufyeka wala kuupulizia, kinyonga atakaa hapo mwenyewe na kula panzi na nzi bila gharama.

Ukishapata kibali, jua unaye nani, kwa sababu matunzo yao hayafanani. Yule wa kijani tunayemwona sana maeneo ya chini, mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, ni Chamaeleo dilepis. Huyu anapenda jua, nyuzi 25 hadi 30 mchana zinamfaa, na jike lake hutaga mayai. Wa milimani ni wengine. Yupo Trioceros fuelleborni wa Poroto, ambaye dume lake lina pembe tatu; yupo Trioceros goetzei, na Trioceros incornutus asiye na pembe. Hawa huzaa watoto hai badala ya kutaga. Mchana wape nyuzi 20 hadi 25. Joto likikaribia 30 wanaanza kuteseka, ila usiku ukishuka hadi 10 wanalala vizuri tu. Mtu wa Tukuyu anayetunza kinyonga wa Poroto ana kazi ndogo. Mtu wa Mbarali, kule bondeni Usangu, ni afadhali aombe kibali cha dilepis na asijaribu wa milimani.

Kizimba kiwe kirefu kwenda juu, maana kinyonga anaishi kwa kupanda. Kwa mkubwa, upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 120 ni kipimo kizuri. Tumia wavu wa dirishani uliofunikwa plastiki; waya mwembamba mtupu unang'oa kucha, na wavu wa kuku una matundu makubwa yanayopitisha wadudu. Kioo usitumie. Kinafungia joto, na pia kinazuia ile sehemu ya mionzi ya jua inayomwezesha kinyonga kutengeneza vitamini D, hivyo anaweza kukaa juani kutwa nyuma ya kioo na mifupa yake ikalainika. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua taa maalumu kuziba pengo hilo. Sisi tuna jua lenyewe. Weka kizimba mahali panapopata jua la asubuhi, nusu yake iwe kivulini wakati wote, na upande wa upepo uzibe kwa turubai usiku wa Juni na Julai. Mahali panapoanguka sakitu, kama Makete na Njombe, kiingize kwenye chumba kisicho na moto hadi asubuhi. Jiko la mkaa lisikaribie kabisa.

Ndani panda mti hai: haibiskasi, mpera mdogo, au mkahawa ambao haujapuliziwa. Ongeza matawi makavu yenye unene tofauti, ya wima na ya mlalo, ili miguu ishike vizuri. Mnyaa usiutumie, utomvu wake unaunguza macho.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Kinyonga halitambui bakuli la maji yaliyotulia. Anaweza kukauka akiwa amesimama juu yake. Anakunywa matone yanayong'aa na kutikisika kwenye majani, kama ya umande. Nyunyizia majani asubuhi na tena alasiri, kwa dakika kadhaa, mpaka umwone akilamba; dakika moja haitoshi, maana huchukua muda kuanza. Kisha toboa tundu dogo chini ya chupa ya plastiki, itundike juu, idondoshe polepole kwenye majani. Bomba la kunyunyizia liwe jipya. Lile lililowahi kubeba dawa ya viazi au nyanya halisafishiki vya kutosha, hata ulioshe kwa sabuni mara ngapi. Kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine majani yakauke, kwa sababu unyevu usiokatika pamoja na hewa iliyotuama humletea magonjwa ya mapafu. Masika ya Rungwe yatakupunguzia kazi hii. Iringa mjini mwezi wa kumi itabidi uongeze mnyunyizo wa tatu.

Chakula ni wadudu hai. Mkubwa ale kila baada ya siku moja, mtoto ale kila siku, na mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Fuga nyenje wako mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, uwalishe pumba, karoti, malenge na majani ya maboga. Anachokula nyenje ndicho kinachomfikia kinyonga. Nyenje walioachwa usiku watoe, humng'ata akilala. Panzi wa porini na kumbikumbi wanafaa kama wametoka mbali na mashamba yanayopuliziwa. Viazi hupuliziwa mara nyingi kipindi cha mvua, kwa hiyo kando ya mashamba hayo usiokote hata mdudu mmoja. Panzi anayenuka, mwenye rangi kali za njano, nyekundu na kijani, ana sumu yake mwenyewe. Hata unga wa pareto, ambao tumeuzoea kwa viroboto, usiupake kwenye kizimba.

Kalsiamu ni lazima. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yatwange hadi yawe laini kama poda, uwapake nyenje kidogo kabla ya kumpa kinyonga. Chokaa ya kupaka nyumba ni kitu kingine kabisa, inaunguza mdomo na tumbo.

Kila kinyonga akae peke yake, na wasionane. Madume hupigana, na hata jike na dume huchoshana wakikaa pamoja. Ukitaka kumtoa, weka mkono mbele yake apande mwenyewe, usimvute mkia. Hana sumu, ila nawa mikono kwa sabuni ukishamshika. Jike la dilepis likianza kuzunguka chini na kukwangua, mpe ndoo ya udongo wenye mchanga na unyevu, kina cha sentimita 30, umwache bila kumchungulia. Akikosa pa kuchimba, mayai hubaki tumboni na kumuua.

Rangi nyeusi asubuhi isikutishe, anakusanya jua. Kinachotisha ni mdomo kubaki wazi kwenye joto, macho kudidimia au kufumba mchana, miguu kupinda, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi kugeuka rangi ya machungwa, ambayo ni dalili ya kiu. Vinyonga waliotoka porini huja pia na minyoo. Chukua kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kichupa safi, mpelekee daktari wa mifugo akipime, na uzito wa mnyama wako uwe umeuandika kwa gramu, kwa sababu dozi inakadiriwa kwa uzito huo, na dawa ya minyoo ya kuku haigawanyiki kwa macho.