Jinsi ya kumchagulia mzazi mwenye dimensia nyumba ya matunzo nchini Uingereza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia za Waswahili zinazoishi Uingereza, hasa England, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu na wakaguzi wao wenyewe. Unamhusu mzazi, shangazi au mjomba ambaye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, imefika mahali ambapo matunzo ya nyumbani hayatoshi tena: anatoka nje usiku asijue aendako, anaacha jiko likiwaka, au binti anayemtunza amechoka hadi naye anaugua. Kama inafaa kwa mila zetu kumpeleka mzee kwenye nyumba ya matunzo ni suala ambalo kila familia italizungumza kivyake. Ndugu walioko Tanga au Mombasa wasikilizwe, lakini nao waambiwe ni nani anayeamka saa nane za usiku.

Anza na halmashauri

Kabla ya kutembelea nyumba yoyote, omba tathmini ya mahitaji kwenye halmashauri ya eneo analoishi mzee. Sheria iitwayo Care Act ya mwaka 2014 inaitaka halmashauri imfanyie tathmini mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji matunzo, bila malipo na bila kujali ana fedha kiasi gani. Anayemtunza naye ana haki ya kufanyiwa tathmini yake. Siku hiyo mtu wa familia awepo, kwa sababu wazee wengi wenye dimensia hujikaza mbele ya mgeni: mama humkaribisha afisa vizuri, humwambia kwamba anapika na kuoga mwenyewe, na afisa asiyejua huyaandika hayohayo. Andika mapema yale yanayotokea mchana na usiku kwa wiki kadhaa, umkabidhi. Omba pia mkalimani wa Kiswahili asiye ndugu, hata kama mzee alifanya kazi kwa Kiingereza miaka yote aliyokaa nchini humo, kwani kwa wagonjwa wengi lugha waliyojifunza ukubwani ndiyo hutangulia kuwatoka.

Ikikubalika kwamba anahitaji nyumba ya matunzo, hufuata tathmini ya fedha. Kwa England, mwenye akiba na mali inayozidi pauni 23,250 hulipa gharama zote mwenyewe; aliye kati ya kiasi hicho na pauni 14,250 huchangia sehemu; na aliye chini ya pauni 14,250 akiba yake haiguswi, ingawa pensheni yake huchukuliwa karibu yote na kuachiwa takriban pauni 30 kwa wiki za matumizi yake. Nyumba anayoimiliki huhesabiwa, isipokuwa kama mume au mke wake, au ndugu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, anaendelea kuishi humo. Hata inapohesabiwa, wiki 12 za kwanza tangu ahamie kwa kudumu huachwa nje ya hesabu. Kiwanja cha Kibaha na nyumba ya Kisumu navyo ni mali na vinapaswa kutajwa. Kuwaandikisha watoto mali hizo ghafla ili kukwepa gharama hakusaidii, kwa kuwa halmashauri ikiona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nia, inaweza kuzihesabu kana kwamba bado ni za mzee.

Kuna mpango mwingine ambao familia nyingi huusikia kwa kuchelewa, uitwao NHS Continuing Healthcare. Mgonjwa ambaye mahitaji yake makuu ni ya kiafya hulipiwa matunzo yote na huduma ya afya ya taifa, awe tajiri au maskini. Kuwa na dimensia peke yake hakumpi mtu nafasi hiyo, na wengi hukataliwa, lakini aombewe, hasa kama yuko hospitalini na familia inaharakishwa ipokee kitanda chochote kilicho wazi.

Mambo mawili ya kisheria yasiahirishwe. La kwanza ni hati ya uwakilishi wa kudumu (lasting power of attorney), ambayo mzee humteua mtu anayemwamini amwamulie mambo yake; nayo ni ya aina mbili, moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na ustawi. Mzee huweza kuitia saini akiwa bado anaelewa anachotia saini, na haitumiki mpaka isajiliwe. Akishapoteza uwezo huo, familia hulazimika kwenda kwenye mahakama iitwayo Court of Protection, njia iliyo ndefu na ya gharama kubwa zaidi. La pili linawahusu wazee walioletwa na watoto wao kwa viza ya jamaa tegemezi: mtoto aliahidi kumtunza bila msaada wa umma, kwa hiyo aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote ya posho.

Kusoma ripoti ya ukaguzi

Nyumba za matunzo ni za aina mbili. Moja ina wahudumu wa kumsaidia mzee kuoga, kuvaa, kula na kunywa dawa. Nyingine ina pia muuguzi mchana na usiku. Mwenye dimensia asiye na maradhi mengine mazito mara nyingi hahitaji aina ya pili, lakini uulize mapema nyumba itafanya nini hali ikizidi kuwa mbaya, kwa sababu kumhamisha mzee mara ya pili humchanganya mno.

Kila nyumba husajiliwa na kukaguliwa na Care Quality Commission, maarufu kama CQC, ambayo huipa mojawapo ya madaraja manne, kuanzia bora kabisa hadi isiyofaa. Ripoti zote ziko wazi kwenye tovuti yao. Usiishie kwenye daraja. Tazama tarehe kwanza, maana daraja zuri la miaka minne iliyopita linaweza kuwa la meneja aliyekwisha kuondoka. Kisha soma sehemu ya uongozi na sehemu ya usalama, uone kama kasoro zilezile zinajirudia ripoti baada ya ripoti. Mimi ningeiamini zaidi nyumba iliyopewa daraja la wastani na ikasahihisha makosa yake kuliko ile inayoning’iniza cheti cha zamani mlangoni.

Kutembelea

Ziara ya kwanza iwe ya miadi, nayo itakuonyesha mazulia, maua na chumba kilichopakwa rangi. Ziara yenye faida ni ya pili, usiyoitangaza, kati ya saa kumi na saa moja jioni au siku ya Jumapili. Jioni ndipo wagonjwa wengi wa dimensia huhangaika, hulia, hutaka kurudi nyumbani au huwatafuta watoto ambao sasa ni watu wazima, na ndipo wahudumu nao wamechoka na zamu inabadilishwa.

Kaa kwenye chumba cha kulia wakati wa chakula. Mtazame mhudumu anayemlisha mzee asiyeweza kujilisha. Akiwa amesimama nyuma ya bega, kijiko kinafuata kijiko huku akizungumza na mwenzake kuhusu likizo, umeshaona jinsi mama yako atakavyolishwa. Akiwa ameketi uso kwa uso, anamwambia mzee ni chakula gani, anangoja ameze, kisha anampa kikombe akishike mwenyewe hata kama atamwaga kidogo, hapo kuna mtu aliyefundishwa kazi na aliyeachiwa muda wa kuifanya. Angalia kucha za wazee, miwani kama ni safi, vifaa vya masikio kama vimevaliwa, na kama kila mmoja amevaa nguo zinazofanana kuwa zake. Kengele ikilia, hesabu kimoyomoyo.

Kwa meneja, swali la “mnawatunzaje wenye dimensia” litaletewa jibu la kwenye kipeperushi. Uliza mambo ya siku yenyewe: baba akikataa kuoga asubuhi, mnafanya nini? Jibu zuri ni kwamba wanamwacha, wanarudi baada ya nusu saa, pengine na mhudumu mwingine, na wanachunguza kama ana maumivu au anaona baridi. Jibu la kukutia wasiwasi ni kwamba ratiba lazima ifuatwe. Uliza wahudumu ni wangapi usiku kwa wazee wangapi, kwa kuwa sheria ya England haikuweka idadi maalumu. Uliza wangapi ni waajiriwa na wangapi huletwa na wakala kwa zamu moja moja. Na umuulize mhudumu mwenyewe, ukimkuta ukumbini, amekaa hapo muda gani.

Suala la dawa liulizwe bila haya. Dawa za kutuliza zinazotumika kwa magonjwa ya akili huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wenye dimensia, na mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya kitabibu, unazitaka zitumike pale tu mgonjwa anapoweza kujidhuru au kudhuru wengine, au anapoteseka sana, kisha zitazamwe upya angalau kila wiki sita. Mwenye dimensia ya miili ya Lewy, ambayo ni mojawapo ya aina za dimensia, anaweza kudhurika vibaya zaidi kwa baadhi ya dawa hizo, hivyo jina kamili la ugonjwa liandikwe kwenye jalada lake tangu siku ya kwanza.

Mambo yetu ambayo hawatayauliza

Nyumba nzuri itakupa fomu ya kueleza maisha ya mzee. Ijaze kwa undani unaoweza kutumika. Usiandike “Mwislamu, chakula cha halali” ukaishia hapo. Andika kwamba bibi hutumia maji chooni na kwa hiyo anahitaji kopo lake karibu, kwamba haogeshwi na mwanamume, kwamba akianza kukunja mikono ya nguo mchana pengine anatafuta maji ya udhu wala hajivui nguo. Andika kwamba anakula kwa mkono wa kulia. Mzee aliyewekewa uma na kisu asivyovielewa huonekana hawezi kula, akaanza kulishwa na mwisho akapoteza hata uwezo aliokuwa nao. Ilhali mbele ya sahani ya ugali au wali na maji ya kunawa anajilisha mwenyewe. Kwa Mkristo, eleza ni nyimbo zipi anazozijua kwa moyo na nani atampeleka ibadani.

Ngozi nayo izungumzwe. Kidonda kinachotokana na kulala upande mmoja huanza na wekundu kwenye ngozi nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na mhudumu anatakiwa apapase aone kama mahali hapo pana joto, pamekuwa pagumu au panauma. Waulize wanakagua vipi, na usikilize kama swali limewashangaza. Wape pia mafuta anayojipaka na maelezo ya kuzitunza nywele zake.

Kama nyumba ina mhudumu anayezungumza Kiswahili, uliza yuko zamu siku zipi. Meneja akisema “tunao wafanyakazi kutoka Afrika”, hajajibu swali. Kwa siku nyingine, bandikeni chumbani karatasi yenye maneno machache yaliyoandikwa yanavyotamkwa: maji, choo, njaa, naumwa, pole, shikamoo.

Mkataba

Ada ya wiki mara nyingi hupita pauni 1,000, na anayejilipia hutozwa zaidi ya anayelipiwa na halmashauri katika nyumba ileile. Mwaka 2017 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilikuta tofauti ya wastani wa asilimia 41. Swali lenye uzito kuliko yote kwa anayejilipia ni hili: akiba ikishuka hadi pauni 23,250, je, nyumba itamkubali kwa bei ya halmashauri, au itamtaka ahame? Jibu liwe kwa maandishi. Kwa anayelipiwa na halmashauri, familia isikubali kirahisi kuongezea fedha za juu. Halmashauri inawajibika kupata angalau nafasi moja inayomfaa mzee ndani ya kiasi ilichokadiria, na nyongeza ni ya hiari kwa anayetaka nyumba ghali zaidi. Soma pia vifungu vya kupandisha ada, muda wa notisi, siku atakazokuwa hospitalini, na ada zinazotozwa baada ya kifo.

Omba mwezi mmoja wa majaribio kabla ya kuvunja makazi yake ya zamani. Mzee asiyeweza kuridhia mwenyewe na asiyeruhusiwa kutoka peke yake anahitaji kibali cha kisheria cha kumzuia kwa usalama wake. Nyumba ndiyo inayokiomba kwa halmashauri, na mwanafamilia anaweza kuteuliwa kuwa mwakilishi wake na kukipinga. Tangu Aprili 2024, kanuni za CQC zinaitaka nyumba iruhusu wageni isipokuwa pawepo sababu ya pekee, hivyo nendeni kwa zamu na kwa saa tofauti, ili wahudumu wazoee kwamba kuna mtu anayeweza kutokea wakati wowote.

Likitokea lisilofaa, mwandikie meneja kwanza, ukitaja tarehe na saa. Usiporidhika na jibu la mwisho la kampuni, malalamiko hupelekwa bila malipo kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko ya aina hii. CQC hupokea taarifa na huzitumia kupanga ukaguzi, lakini haisuluhishi lalamiko la mtu mmoja mmoja. Na ukishuku kwamba mzee anapigwa, anatishwa au anaibiwa, usimngoje meneja: piga simu siku hiyohiyo kwenye kitengo cha halmashauri cha kuwalinda watu wazima, au polisi kama yuko hatarini wakati huo.