Vipele vya ndevu: jinsi ya kunyoa na wembe bila kuharibu shingo

Wajomba wa Mtwara na Lindi, leo tuongelee vipele vya ndevu, maana kaa kwenye banda lolote la kinyozi nusu saa tu utaona shingo za watu zilivyo, madoa meusi, vipele vingine vina usaha, na mtu bado anakaa kwenye kiti anyolewe tena juu ya vilevile. Ukimuuliza anakwambia ana damu chafu. Hamna cha damu chafu hapo, shida ni nywele zetu zilivyojikunja. Ukizikata chini kabisa zinabaki na ncha kali kama mkuki, zikianza kuota zinapinda zinaichoma ngozi na kuingia ndani, ngozi inavimba kama vile umechomwa mwiba. Kwa hiyo sio chunusi za kawaida hata kama zinafanana nazo, ndo maana mtu anamaliza sabuni zote za dukani na hali ni ileile kwa sababu kila baada ya siku mbili ananyoa mpaka shavu liteleze. Huko kuteleza ndo kunakotuponza. Ukikubali kubaki na kindevu kidogo cha kukwaruza mkono, kazi kubwa umeshaimaliza.

Kama shingo imeshaharibika, usianze na dawa, anza kwa kuacha wembe wiki nne hivi. Ndevu zikikuchosha, mwambie kinyozi apunguze na mashine lakini asishuke mpaka ziro, aache kama milimita moja au zaidi. Wiki ya kwanza itawasha sana, vumilia, nywele zilizozama zikirefuka zenyewe zinajinyoosha zinatoka. Ukijiangalia kwenye kioo vizuri utaona nyingine zimefanya kitanzi kidogo juu ya ngozi, kichwa na mkia vyote vimo ndani. Hiyo chukua sindano safi iliyofutwa na spiriti, pitisha chini ya kitanzi, inua ncha itoke nje, basi ishia hapo. Usiing'oe, ukiing'oa inaota upya kutokea chini na inaweza kuchoma tena kabla hata haijafika juu. Na vipele usiminye, ile ndo inayoacha madoa.

Sasa siku ya kunyoa. Mi nashauri usiku, baada ya kuoga, sio asubuhi halafu unatoka na jua la huku na jasho, ngozi iliyotoka kukwanguliwa na jasho la chumvi haviivani. Wale wa kunyoa kwa ajili ya Ijumaa, nyoeni Alhamisi jioni. Unywele ukilowa unakuwa laini na unakatika bila kuvutwa, kwa hiyo weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika tatu mpaka tano, najua na joto hili hakuna anayetaka maji ya moto ila hii ni muhimu. Halafu paka povu. Sabuni ya mche ya kufulia achana nayo, inakausha ngozi, na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi hata povu lenyewe halikai. Huna krimu ya kunyolea? Kondishena ya nywele inafanya kazi vizuri tu, inateleza na bei yake sio mbaya.

Kabla hujagusa wembe, pitisha kiganja shingoni kutoka juu kwenda chini, halafu chini kwenda juu. Upande ambao mkono unateleza ndo nywele zinakoelekea, fuata huohuo. Watu wengi chini ya taya nywele zinalala upande au zinapanda juu, kwa hiyo usikariri kwamba kila mahali ni kushuka chini. Nyoa kwa mikato mifupi, usikandamize, usivute ngozi kwa mkono mwingine, na usirudie palepale mara tatu nne eti pabaki safi. Suuza wembe kila baada ya mkato mmoja au miwili. Halafu ule wa nyembe tatu mpaka tano kwenye kichwa kimoja, unaouzwa bei kubwa, kwa nywele zetu sio mzuri kihivyo, wembe wa mbele unauvuta unywele juu, wa nyuma unaukata, unywele ukirudi unazama chini ya ngozi na kazi inaanza upya. Wembe mmoja kwenye mpini unatosha. Ukishamaliza ukaushe, usiuache bafuni, hewa ya bahari hii inaupandisha kutu haraka, na ukianza kuvuta badala ya kukata tupa.

Kwa kinyozi, wembe uwe mpya na ufunguliwe kwenye karatasi mbele ya macho yako, sio suala la vipele tu hapo, kuna homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mashine nayo isafishwe kabla haijakugusa. Na wale wa kuchonga ndevu, vipele huwa vinajaa palepale kwenye mstari, mwambie fundi mstari auchonge na mashine. Poda ya kunyolea ile inayokorogwa na maji inawasaidia baadhi ya watu kwa sababu inaacha ncha butu, ila ni kemikali kali, jaribu kwanza sehemu ndogo, usipitishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo na usiitumie kila siku.

Ukimaliza, maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo yako mwenyewe. Spiriti hapana, inachoma na kukausha tu, tunaipenda kwa sababu inauma tunadhani ndo inatibu. Ndimu ndo kabisa usithubutu, ndimu ikikutana na jua inaunguza ngozi, unabaki na mabaka meusi wiki kadhaa. Jiwe la shabu sawa kwa kukata damu, ila liwe lako peke yako. Halafu paka losheni nyepesi au gliserini iliyochanganywa na maji. Mafuta ya nazi peleka miguuni, kwa mwenye ngozi ya chunusi yanaziba vinyweleo.

Wa kwenye korosho nao wana lao. Msimu wa kupuliza salfa, ile vumbi inawasha hata ngozi nzima sembuse iliyonyolewa, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza kabisa, kwa hiyo siku ya shamba au ya kubangua usinyoe, na usijishike uso na mikono ile. Na salfa ya mikorosho sio dawa ya chunusi jamani, hata kama ukisikia dawa fulani za chunusi zina salfa.

Dawa za kuuliza duka la dawa ni salisiliki asidi 2% au benzoili peroksaidi ya 2.5% mpaka 5%, anza siku moja moja usiku, hiyo ya pili inakula rangi ya foronya na taulo so uwe makini. Tyubu za mchanganyiko zenye betamethazoni ambazo kila mtu anazo nyumbani, usizifanye mafuta ya kila siku, zinakondesha ngozi na kuleta chunusi nyingine. Mikorogo ya kufuta madoa usiisogelee.

Ukiona kipele kimekuwa kivimbe kigumu kinachokua, hasa kisogoni, au usaha unasambaa na homa, au duara la magamba ambalo ndevu zinakatika (huo huenda ni fangasi, una dawa yake), nenda hospitali, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi. Kivimbe usikubali mtu akukate mtaani, mara nyingi kinarudi kikubwa zaidi. Na siku mbili tatu kabla ya kwenda usinyoe, daktari aone hali yenyewe.